Ukingo wa Chini wa Picha

Fundi fremu ndiye aliyemwambia Mama Pacha kwanza, tena kwa kujisifu: shemeji mkubwa wa Mama Pacha alimletea ile picha ya zamani ya ukutani kwa baba yake, ya kiongozi wa kwanza wa nchi, haikuingia kwenye fremu mpya ya rangi ya dhahabu, ikabidi ukingo wa chini ukatwe. Mama Pacha aliona haya kumweleza mtu. Siku ya tatu, baba mkwe wake, ambaye hakuwa mtu wa kuinuka tena kitandani, aliomba aletewe picha aiage. Akaitazama pale chini, akaitazama tena, kisha akaagiza wanawe wote watatu waitwe.

"Kaeni chini, wanangu, mnisikie. Na wewe mkubwa, weka hiyo simu, nikishakufa utaikuta. Nyumba msiiuze. Akae dada yenu, maana ndiye aliyenifulia mashuka huku nyinyi mkipiga simu kuulizia naendeleaje. Cherehani ya mama yenu mmeigombania miaka tisa hamsemezani, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kutia uzi kwenye sindano! Apewe Mama Pacha, anayeshona. Yamekwisha, sitaki kuyasikia tena. Lakini hili la picha limenichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Nani amekata hapa?"

"Yalikuwa maandishi madogo tu, baba," mkubwa alijitetea. "Kiongozi mwenyewe yupo mzima."

"Kiongozi! Kiongozi yuko kwenye sarafu, yuko kwenye stempu, ana barabara na ana uwanja wa mpira, hana shida na ukuta wangu. Babu yenu alikuwa na ule mstari mmoja tu. Miezi saba aliinamia bamba la shaba akiichonga sura ile unywele kwa unywele, mpaka jicho moja likamharibikia, na alipomaliza akalichonga jina lake kinyumenyume, ili likipigwa chapa lisomeke sawasawa. Hana kaburi linalojulikana, hana picha yake hata moja. Nanyi mmemfuta kwa mkasi, kwa ajili ya fremu! Mimi nimelea watu, au nimelea mbuzi wanaotafuna karatasi?"

Kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, sauti ilikuwa imebaki nusu.

"Kitafuteni hicho kipande. Kibandikwe mahali pake. Kisipopatikana... msije mkanidanganya kuwa kipo. Na msigombane tena, nimechoka kuwaamulia. Nimewasamehe, wajinga nyinyi. Mungu awape... awape macho."

Nje wakaanza kubishana nani aende. Mkubwa akasema takataka za fundi zilishachomwa zamani.

Asubuhi yake, fundi hajafungua, Mama Pacha alikuwa mlangoni kwake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwapani. "Nionyeshe ulikokitupa," alisema, hata salamu akaisahau. Alipekua gunia zima bure, kisha akageukia fremu zilizosubiri wenyewe, moja baada ya nyingine, hadi akakikuta kipande kimekunjwa mara nne, kimekazwa nyuma ya picha ya harusi ili kioo kisicheze.

Mzee alikuwa amefumba macho. Mama Pacha akakikunjua, akamshika kidole, akakipitisha juu ya ule wino ulioinuka kidogo kwenye karatasi. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi kwenye herufi ya kwanza.

"Soma," mzee alinong'ona.

Mama Pacha akalisoma jina lote, kwa sauti ambayo hata shemeji yake mkubwa aliisikia kule sebuleni.