Hebu Kwanza na Mashine Mbili

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kazini, jikoni, au mmeegesha gari pembeni mkanitegea sikio, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi wa kung'arisha rangi za magari. Fundi mwanamke. Mke wa mtu, mama wa binti mmoja, dada wa mdogo wake. Wateja walimwita Hebu Kwanza. Tumemzika Jumamosi iliyopita.

Nianze na ukweli. Kazi hii imenifundisha kutoamini sifa za misibani. Kila marehemu alikuwa mcheshi. Kila marehemu hakuwa na adui. Basi niliposikia kwamba huyu naye alikuwa "mtu wa watu", nikatilia shaka. Nikabeba kinasa sauti changu, nikaenda mwenyewe.

Mlangoni mume wake akanitazama toka kichwani hadi viatuni. Akauliza, "Nani amekutuma?"

Kabla sijajibu akacheka, macho yamejaa machozi. "Samahani, mwanangu. Swali hilo si langu, ni la marehemu. Limebaki humu ndani kama harufu ya polishi."

Mtu wa watu hakuwa, wasikilizaji. Alikuwa mtu wa mashaka.

Mume wake anasimulia: "Nilipomwambia nataka kumuoa, aliniambia, hebu kwanza. Akaenda kuniulizia kwa majirani. Akamuuliza hadi kinyozi wangu. Kinyozi akanisifu sana. Akarudi kwangu amenuna. Akasema, yule kinyozi anakusifu mno, umempa nini?"

Na binti yake je? "Mama ukimwambia umependeza, anakwenda kujitazama kwenye kioo kuona kasoro iko wapi."

Lakini shaka haizaliwi hivi hivi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hebu Kwanza aliumwa, na aliumwa akiwa msichana.

Alikuwa ameajiriwa kwenye gereji kubwa. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi. Siku moja bosi akamkabidhi mashine ya kung'arishia. Ilikuwa ile ya kuzunguka tu. Sponji yake inazunguka palepale, kwa nguvu, na ukizubaa inachoma rangi. Bosi akamwambia, "Bonyeza tu, haina shida." Kumbe swichi ya mwendo ilikuwa mbovu, imekwama kwenye kasi ya juu. Na bosi alijua. Nairudia, wasikilizaji: bosi alijua.

Msichana akaiweka kwenye ukingo wa mlango wa gari, mahali ambapo rangi huwa nyembamba. Kufumba na kufumbua, moshi. Rangi imeondoka, bati linachungulia, upana wa kiganja. Mwenye gari akaja juu. Bosi akanyoosha kidole. "Ni huyu. Nilimkataza." Akafukuzwa mbele ya watu, aproni bado kiunoni.

Baadaye fundi mmoja wa pale ndiye aliyemnong'oneza habari za ile swichi.

Tangu siku hiyo akaweka nadhiri. Mashine hatashika tena. Akajenga kibanda chake cha mabati, akafunga kamba ya kuanikia vitambaa, akawa anang'arisha kwa mkono. Kwa mkono, kwa miaka na miaka. Gari likija, anawasha taa ndogo, anaipitisha chini chini ubavuni mwa gari kama mtu anayemsaka mwizi chini ya kitanda. Mteja akisema gari halina mkwaruzo, jibu lake ni lile lile. "Hebu kwanza."

Mdogo wake wa kiume akaja kufanya kazi naye. Mnyamavu, mwenye subira. Yeye alikuwa anaosha, dada anang'arisha. Mambo yakaenda vizuri.

Kisha mkono ukaanza kumsaliti. Mkono wa kulia. Vidole vinakufa ganzi, kiganja hakisikii kitambaa. Hakumwambia mtu. Hata mume hakujua. Kikombe kikimponyoka, anasema kina mafuta. Mlango ukimshinda kufungua, analaumu kitasa.

Mdogo mtu akaona. Hakusema ameona. Akasema tu, "Dada, tununue mashine."

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, dada. Magari yamekuwa mengi."

"Yalipokuwa machache ulikuwa unalia njaa. Leo yamekuwa mengi unalia mashine."

Wiki zikapita. Mwisho akakubali kwenda kuangalia tu. Kuangalia, si kununua. Wakaenda kwenye duka la vifaa vya gereji.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo palipoharibika.

Muuzaji akaweka mashine mbili mezani. Ya kwanza ni ile ya kuzunguka tu, nzito, ndugu wa ile iliyomfukuzisha kazi. Ya pili nyepesi zaidi. Yenyewe inazunguka huku inayumba yumba, haikai palepale, kwa hiyo haipandishi joto haraka. Inachelewesha kazi, lakini si rahisi kuunguza.

Muuzaji akaisifu ile nzito. Akaisifu kupita kiasi. "Mama, hii ndiyo ya wanaume! Mkwaruzo ukiiona unakimbia wenyewe!" Mdogo mtu akasema polepole, "Mimi naona hii nyepesi, dada."

Hebu Kwanza akawatazama wote wawili. Akaenda kwenye rafu ya sponji, akajifanya anachagua. Kupitia kioo cha kabati akawaona. Mdogo wake na muuzaji, mlangoni, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali. Kisha wote wawili wakageuka kumtazama yeye.

Akatoka dukani bila kuaga.

Walipofika nyumbani akalipuka, mbele ya mume na binti. "Unajuana na yule! Mmenipangia! Mmoja asifu hii, mwingine ile, mjinga niingie katikati!"

"Dada, nisikilize..."

"Nimesikiliza vya kutosha. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua nguo yenyewe nimekuvisha mimi. Ondoka."

Mume anasema alijaribu kuamua ugomvi. Akaulizwa na yeye ametumwa na nani.

Mdogo mtu angeweza kujitetea. Angeweza kusema neno moja tu kuhusu ule mkono. Hakusema. Nilimuuliza kwa nini. Kwanza alikitazama kinasa sauti changu. "Hiki kinarekodi?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri. "Dada alikuwa anaficha mkono wake kama mtu anavyoficha aibu. Ningemvua nguo mbele ya mtoto wake? Bora aniite mwizi."

Akaondoka. Akapata kazi ya kuziba pancha upande mwingine wa mji. Salamu zikakatika.

Hebu Kwanza akabaki peke yake na kitambaa chake. Karibu mwaka mzima. Wateja wakaanza kuona mawingu kwenye rangi, sehemu zilizosahaulika. Mmoja akamwambia, "Mama, upande huu hujamaliza." Alikuwa amemaliza. Mkono ndio haukujua kama unabonyeza au unapapasa tu.

Siku hiyo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakubali kwamba mkono umeshindwa. Lakini mwenyewe bado alikuwa Hebu Kwanza. Asubuhi yake akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akachukua boneti kuukuu lenye rangi nyeusi, akalipakia kwenye mkokoteni hadi mlangoni mwa lile duka.

Muuzaji akashangaa. "Mama, hilo la nini?"

"Midomo yenu nimeshaisikia. Sasa zizungumze mashine."

Muuzaji akaleta visingizio. Umeme mdogo, sponji mpya, sheria za duka. Mama hakusogea. Wateja wakaanza kujaa kutazama, na mwisho muuzaji akachomeka waya.

Akaanza na ile nzito. Akaipeleka katikati ya boneti, ikang'aa. Akaipeleka ukingoni. Akazima, akaweka shavu lake kwenye bati. Shavu, wasikilizaji, si mkono. Akaruka kwa joto. Rangi ya ukingoni ilikuwa imekwisha kuondoka.

Akachukua nyepesi. Akafanya vilevile, muda mrefu zaidi. Akaweka shavu. Vuguvugu. Akafuta kwa spiriti kuhakikisha mng'ao si mafuta yaliyoziba mikwaruzo. Mng'ao ukabaki. Akawasha taa yake, akapitisha, akapitisha tena.

"Nitachukua hii," akasema. "Sasa niambie. Siku ile mdogo wangu alikwambia nini mlangoni?"

Muuzaji akaangalia chini. "Aliniapisha nisiseme."

"Sema."

"Alikuja peke yake siku moja kabla hamjaja wote. Tulipanga kweli, mama, sikudanganyi. Alisema, dada yangu ukimsifia kitu anakikimbia. Kwa hiyo sifia ile nzito, sifia sana, ili achukue nyepesi."

"Nilijua!" Akapiga meza. "Nilijua mmenipangia!"

"Alisema mkono wako wa kulia umekufa ganzi na hutaki mtu ajue. Alizishika mashine zote mbili zikiwa zimewashwa, moja moja, kwa muda mrefu, asikie ipi inatetemesha kidogo. Pale mlangoni alikuwa ananiuliza kama kuna mpini wa mpira wa kupunguza mtetemo zaidi."

Muuzaji anasema yule mama alikaa juu ya lile boneti. Likabonyea. Halafu akainua kichwa. "Nani amekutuma useme hivi?"

Hakuna aliyemtuma.

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Njama ilikuwepo. Macho yake hayakumdanganya. Alikosea nia tu, na kosa hilo moja likamgharimu ndugu.

Akapanda gari moja kwa moja hadi kwa waziba pancha, boksi la mashine mapajani. Mdogo wake alikuwa amechutama, tairi mbele yake, mikono myeusi. Nimemwomba asimulie mwenyewe.

"Niliona viatu vyake kwanza. Nikadhani amekuja kunigombeza. Akasema, mkono wangu umekufa ganzi. Nikamwambia, najua, dada. Akasema, najua kwamba unajua. Nakwambia mwenyewe."

Hapo mdogo mtu aliniomba nizime kinasa sauti. Nikazima. Tulipoendelea alisema, "Neno samahani hakulisema. Lakini dada yangu hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale anapoumia. Yeyote yule. Nikanawa mikono, nikamfuata."

Walifanya kazi pamoja hadi mwisho. Zamu ya mashine ilikuwa ya mdogo mtu, zamu ya taa ilikuwa ya dada. Waligombana kila siku, na wateja walizoea. Siku aliyofariki, mchana, moyo ulisimama akiwa ameketi nje ya kibanda akisubiri rangi ya gari moja ipoe.

Nilipoaga, nilimuuliza mdogo mtu kama kuna kinachomsumbua. Akafikiri sana. "Ule mwaka. Tulikuwa mji mmoja. Angeniuliza, ningemjibu. Na mimi ningeweza kurudi nikamwomba aniulize. Wote wawili tulingoja."

Kwa mume aliyebaki, kwa binti yake, na kwa mdogo wake, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Pole sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe fundi wetu mahali pema.

Nanyi mnaonisikia, sitawaambia muache kushuku. Kuna mabosi wenye swichi mbovu, na wapo wengi. Lakini huenda yuko mtu uliyemwona akinong'ona kwa mbali, ukamjazia mdomoni maneno ambayo hukuyasikia, ukamfungia mlango. Mpigie simu. Muulize alisema nini. Kisha nyamaza, umwache amalize.