Divai ya Maua ya Yaya Jeannine

Mchungaji, majirani wa Bellevue na Malvern, mafundi wa Doornfontein mlioshona pamoja na marehemu, na ninyi wakwe zetu wa familia ya mzee Kalenga mlioketi mstari wa pili, familia imemchagua Ruphin Mushagalusha, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye humu atajitaja kwa jina kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu yapo mambo ambayo akiyasema kwa "mimi" sauti itamkatika kabla hajafika mwisho.

Marehemu Jeannine Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bisimwa na mama Thérèse, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha akaingia darasa la ushonaji kwa masista, na masomo yakaishia hapo, kwa kuwa mwezi wa Mei 1975 mama yao alifariki na kumwachia mtoto wa miaka minne, na mtoto huyo ndiye Ruphin. Jeannine, mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne, alimlisha, alimwogesha, alimbeba mgongoni alipougua surua, na Ruphin mpaka anaanza darasa la kwanza alikuwa akimwita mama, hadi wenzake walipomcheka ndipo akahamia kwenye yaya, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa huko kwetu.

Mwaka 1976 aliajiriwa jikoni kwa masista hao, akadumu miaka kumi na minne, na humo sista mmoja Mbelgiji alimfundisha kutengeneza divai kwa maua ya pisanli, yale maua madogo ya manjano yanayoota yenyewe kwenye majani, ambayo yakizeeka hugeuka manyoya meupe na watoto huyapuliza. Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu Hénock Baguma, wakajaliwa mtoto mmoja, Shekinah, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1991, ambaye yuko Bukavu na ambaye kwa ajili ya pasipoti hakuweza kufika leo. Mwalimu Hénock alifariki mwaka 1998, na tarehe 20 Juni 2009 Jeannine aliingia Johannesburg kwa mwito wa Ruphin, akapanga chumba Bellevue, akapata cherehani kwenye karakana moja ya Doornfontein, na sketi za shule alizopinda pindo humo hazina idadi.

Septemba 2015, majira ya maua, aliyaona yale ya manjano kwenye bustani karibu na kwake, akarudi kwenye kazi ya ujana wake. Aliyachuma jua likiwa kali, maana ndipo yanapofunguka, akanyonyoa vinyuzi vya njano peke yake na kutupa kila kilicho kijani, kwa kuwa kijani ndicho kinacholeta uchungu, akayamwagia maji ya moto, akayafunika kwa kitambaa siku mbili, akachuja, akatia sukari, limau, maganda ya machungwa na hamira, kisha akasubiri. Mwaka ule wa kwanza hakusubiri vya kutosha, akafunga chupa kabla divai haijatulia, na Januari 2016, mchana kweupe, chupa sita zilipasuka moja baada ya nyingine, na jirani yake Mwanaharusi wa Tanga, ambaye yupo hapa na hatakataa, aliingia chini ya kitanda akijua ni risasi. Mwanaharusi huyo alikuwa akimsaidia kuchuma bila kujua maua yanakwenda wapi, na alipojua alisema, "Dada Jeannine, mwenzio pombe sikuchumii tena," lakini majani aliendelea kuyachuma, akayapika kwa nazi, wakala pamoja.

Ruphin hakupenda jambo lile. Alikuwa na nyumba Malvern, alikuwa shemasi, alikuwa mkubwa wa zamu ya walinzi kwenye mgahawa wa watu wenye magari mazuri, na kumwona dada yake ameinama kando ya barabara na mfuko wa plastiki, magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na watu wakimtazama kama mtu anayeokota taka, kulimchoma. Tena utomvu wa maua yale ukikauka huacha madoa ya kahawia vidoleni yasiyotoka kwa sabuni, na Ruphin aliwahi kumwomba avae glavu kanisani. Jeannine alicheka. Ruphin hakuwa anatania.

Sasa tunafika Jumamosi tarehe 15 Septemba 2018, siku ya mahari ya Carmel, binti wa Ruphin, nyumbani Malvern. Katika ukoo wetu anayemtoa msichana chumbani, akamfunika kitenge na kumkabidhi kwa wakwe, ni shangazi yake, dada wa baba, na Carmel alikuwa na shangazi mmoja tu hapa Johannesburg. Wiki moja kabla, Ruphin alimpelekea Jeannine chupa tupu alizozikusanya mgahawani, za divai ya bei, zenye karatasi za dhahabu, akamwambia azioshe na kutia humo divai ya mwaka uliopita, na Jeannine alizipokea kwa furaha, akadhani mdogo wake hatimaye ameikubali kazi ya mikono yake. Aliuliza kwa nini karatasi zisibanduliwe. Ruphin akajibu kwamba zinapendeza.

Asubuhi ya siku yenyewe Jeannine alifika na gauni alilolishona mwenyewe, na Ruphin akaviangalia vidole vyake, akafikiria mikono ya wakwe itakayovishika, akamwambia kwamba jikoni kuna upungufu wa watu. Kwenye kiti cha shangazi alimkalisha Angélique, rafiki wa mke wake, mwenye kucha nzuri na Kifaransa kizuri, na Angélique ndiye aliyemtoa Carmel. Carmel alilia chini ya kitenge, nanyi wageni mkasema bibi harusi wa kweli lazima alie, lakini Carmel alikuwa anajua, na baba yake alikuwa amemkataza kusema.

Mzee Kalenga, uliionja divai ukaisifu, ukamuuliza mama aliyekuwa akigawa glasi inatoka wapi, na kabla hajafungua kinywa Ruphin alijibu, "Ni ya Cape, mzee, ya kuagiza. Huyu ni mama anatusaidiaka kazi." Yule mama alimtazama mtoto aliyembeba, akasema, "Ndiyo, bosi," akaongeza divai kwenye glasi yako, akarudi jikoni.

Hakuwahi kumdai Ruphin maelezo, na Ruphin hakutoa, alimtumia tu kitenge kipya kwa mkono wa dereva. Mwezi wa Februari 2019 Jeannine alianza kushindwa kula, mwezi wa Machi madaktari wakagundua saratani ya tumbo, na katika miezi aliyolazwa Ruphin alikwenda kila Jumapili akiwa na maneno tayari mdomoni. Jumapili moja aliketi akayaanza, machozi yakamtangulia, na dada yake akamwambia, "Ruphin, umekuya kunisalimia ao umekuya kulia?" Hapo muuguzi akaingia na dawa, maneno yakakatika, na Ruphin akashukuru moyoni kwamba yamekatika, na aibu ya kushukuru kule ni kubwa kuliko ile ya siku ya mahari. Jeannine alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mwanaharusi aliyemfulia na kumpikia uji mpaka mwisho, majirani wa Bellevue, na mafundi wa Doornfontein walioshona vazi analozikwa nalo. Inawashukuru wakwe zetu, ambao walikuja kumzika shangazi wa mkwe wao wakidhani hawakuwahi kumwona, na ambao tangu jeneza lilipoingia wanaitazama picha iliyo juu yake kisha wanamtazama msomaji.

Mzee Kalenga, mama mkwe, mmemtambua. Carmel hana kosa, na mkiamua kwamba aliyemkabidhi kwenu hakuwa na haki ya kumkabidhi, mnidai mimi, msimguse mtoto. Huyu hakuwa mtumishi wangu. Huyu ni Jeannine Nabintu, dada yangu, aliyenilea, shangazi wa Carmel, na divai mliyokunywa ni yake.

Yaya, lala kwa amani. Nimekutambulisha, nimechelewa.