Dobi Aliyekataa Kuitwa Mtakatifu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba masikio yenu. Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tano wa mpiga chapa, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, na tarehe 2 Januari 1970 akaajiriwa kuwa dobi hospitalini. Tarehe 14 Agosti 1973 alifunga ndoa na baba yetu, fundi viatu, wakajaliwa watoto wanne, na mimi kifungua mimba nilisimamiwa ubatizo na rafiki wa mama, dobi mwenzake; walikuwa chanda na pete, wakipiga pasi meza moja kwa miaka kumi na tisa.

Tarehe 9 Juni 1989 rafiki huyo alisahau pasi ya moto juu ya shuka, chumba kikaungua, na alipoulizwa na wakubwa akasema zamu ilikuwa ya mama. Mama alifukuzwa siku hiyohiyo, akawa anafua nguo za watu uani hadi vidole vikachubuka, na kwa kuwa hakugombana na mtu, kanisani wakaanza kumwita Mtakatifu, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa rafiki yuleyule.

Jina lile lilimkera kuliko kufukuzwa, kwa maana aliona ni kizibo cha mdomo. Alimwendea katekista, akaelezwa kwamba watakatifu si watu wasioumia wala wasiokasirika, bali ni wakosefu waliokubali kusafishwa na neema ya Mungu. Mama akacheka, akamwambia kuwa mambo ya kusafisha anayajua, doa halitoki kwa kukunjiwa ndani.

Alianza kuugua figo Julai 2016, akafariki tarehe 21 Mei 2017, na siku tatu kabla ya hapo alituita kitandani.

"Nimemsamehe, zamani sana," alisema. "Lakini siku ya mazishi yangu mtasoma yote, na yeye akiwepo. Kusamehe si kufunika."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea maji, na madobi wenzake wa zamani, ukiwemo wewe, mama yangu wa ubatizo, uliyeketi mstari wa tatu, ambaye kwa miezi kumi ya ugonjwa hukufika hata mara moja. Tukifika kaburini usimwite Mtakatifu, mwombe radhi.

Mama, yamesemwa. Pumzika kwa amani.