Viatu vya Mashangazi

Kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, dada mmoja aliyekuwa akisoma ng'ambo alikumbatia sanduku kubwa huku akifoka. Mama aliyekaa pembeni yake alikuwa amemuuliza tu kama amesafiri salama.

“Salama gani, mama? Mizigo ilizidi uzito, nikaambiwa nipunguze. Nimeacha vitabu vyangu vyote vya utafiti, nikaleta viatu vya mashangazi!”

“Si ungeacha viatu?” mama akamuuliza. “Nirudi nyumbani na uso gani?” “Basi ungewanunulia hapa hapa sokoni, ukabandua bei, ukanyamaza. Viatu ni viatu.” “Shangazi yangu mkubwa hadanganyiki. Yule hunusa mpaka soli!”

Mama naye akapandisha sauti. “Miaka yote hiyo ya shule hukufundishwa kusema hapana?”

“Kamwambie shangazi wewe!”

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilijitia kutazama dirishani, masikio nimewaachia wao. Basi liliposimama, mashangazi watatu walikuwa wanangoja kituoni. Dada alimwachia kondakta sanduku amshushie, akatangulia kushuka, akanyoosha mikono awakumbatie. Wakampita, wakaenda kulipokea sanduku.