Magamba ya Njia ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa Kijiji. Masheikh na mapadre wetu. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa dagaa. Na ninyi wavuvi mliokuja kwa hiari, pamoja na mliosukumwa na wake zenu, nawaamkia kwa Kiha: mwakeye nyote.

Mimi Aikande, afisa uvuvi wenu, leo nastaafu. Nilipangiwa kazi huku nikitokea Meru, msichana mbichi, nikaambiwa ni kwa muda mfupi tu, na sasa ndugu zangu wananicheka kwamba naongea kama Muha. Niliomba zawadi moja ya kuniaga: ghuba hii ndogo ifungwe, pasivuliwe kitu, samaki wapate pa kuzalia. Kijiji kilikubali, na Mheshimiwa amekuja kukata utepe. Lakini utepe usubiri kidogo. Nina neno, na nisipolisema leo nitastaafu nalo.

Kwanza, Mheshimiwa, nikueleze umekuja kufungua nini. Chini ya maji yale pale kuna mchanga, na juu ya mchanga yametapakaa magamba matupu ya konokono waliokufa zamani. Ukiyatazama utasema ni takataka. Kumbe ni mtaa wa watu! Humo wanaishi samaki ambao dume lao ni kubwa kama kiganja, na jike ni dogo kama kidole cha mwisho. Dume huyaokota magamba kwa mdomo, moja baada ya jingine, mpaka anapata boma lake, na katika nyumba zote hizo hawezi kuingia hata moja. Anayeingia ni mke. Humo anataga, humo analea. Na dume akipungukiwa na nyumba je? Anaiba ya jirani, pengine na mke wa jirani akiwa ndani. Msicheke sana, wanaume wa Buzebazeba, mtajulikana.

Ndivyo lilivyo ziwa letu. Yuko samaki mama anayebeba watoto mdomoni, kinywa kimejaa na huku anashinda njaa. Yuko na kambale anayepenyeza mayai yake katika kinywa hicho hicho, na watoto wake wakianguliwa wanawala wenyeji wao. Tuwaite wabaya? Tuwaite wajinga? Mimi niliacha zamani kuwahukumu, nawatazama tu na kushangaa.

Sasa, huyu samaki wetu wa magamba ana jambo moja linalomponza. Akishtuka hakimbilii mbali. Anaingia ndani, anatulia. Kwa hiyo anayeokota gamba ameokota na familia.

Mnaijua desturi yetu. Mgeni rasmi akija, njia yake hupangwa mawe huku na huku, yakapakwa chokaa. Safari hii mawe yetu yote yameingia kwenye msingi wa zahanati. Kamati ya mapokezi ikakaa, ikahangaika, mwisho mtu mmoja akasema: si yapo magamba ghubani, meupe tayari, hata chokaa hayadai? Mimi nilikuwa Kidahwe, nawaaga wafugaji wa samaki. Niliporudi jana alasiri nikakuta njia inang'aa kutoka barabarani hadi hapa jukwaani. Ndiyo, Mheshimiwa, ni yale yale uliyoyasifia uliposhuka kwenye gari.

Nikachukua moja, nikalikung'utia kiganjani. Akadondoka mama mdogo, amekauka. Nilikaa chini pale pale nikalia, wala sioni aibu kusema. Dada yangu Winfrida, mwenyekiti wa kamati, alilia kuliko mimi, maana ndiye aliyenipigania kwenye mikutano yote. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tulitaka kupendeza mbele ya mgeni, tukampambia njia kwa nyumba za hao hao aliokuja kuwalinda.

Nikamuuliza Winfrida, huku naogopa jibu: kimebaki chochote? Akaniambia upande wa kusini haukuguswa, kuna mtu aliwazuia. Nani? Mzee Dismasi.

Mzee Dismasi, simama wageni wakuone. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyepinga kufungwa kwa ghuba tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Baba yake alivua hapa, naye kavua hapa, na mimi aliniambia usoni kwamba nataka kuwalaza njaa wajukuu zake. Basi vijana walipomfikia na ndoo, aliingia majini mpaka kiunoni akawakingia njia. Wakamwambia, "Mzee, si wewe uliyekataa?" Akawajibu, "Nilikataa kufunga. Samaki sikuwakataa. Rudisheni ndoo hizo, mama zenu wakachotee maji."

Nimewasoma viumbe wa ziwa hili maisha yangu yote ya kazi, na wa ajabu kuliko huyu sijamwona. Mzee wangu, nakupenda, na nalisema hili mbele ya mkeo, Mama Agnesi, asije akasikia kwa wengine.

Mheshimiwa, samaki waliokuwa bado hai tuliwarudisha jana ile ile kwa ndoo. Wengi walikuwa wamekwisha. Magamba matupu niliyaacha njiani makusudi, tuyarudishe sote pamoja, kwa sababu gamba likirudi chini, samaki mwingine atahamia. Ndiyo maana nakuomba utepe usikatwe kwanza. Kila mmoja wetu akitoka hapa aokote gamba lake, twende nayo majini. Naona umeshaanza kuvua viatu, Mheshimiwa. Mungu akubariki.

Nawashukuru kwa kunilea, na kwa masikio yenu asubuhi hii. Mzee Dismasi, uliapa kwamba siku nikistaafu utachinja mbuzi kwa furaha. Mbuzi asubiri. Sisi wote hapa hatujui magamba haya yawekwe wapi, wewe unajua. Tangulia, baba, tunakufuata.