Wanaomlilia Jovini

Kiangazi cha 2015, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Iroquois, huko Marekani, Flavia alisikia nyuma yake jina la mwanawe. Wakongo wawili asiowajua, mzee na dada aliyetoka kazini ghalani, walikuwa wakibishana.

"Jovini alichezaka mupira ya Wamarekani kule chuo ya Columbus, uwanja muzima unaimba jina yake," alisema mzee. "Timu ya Buffalo ikamuchukua, goti ikavunjika. Donc, leo anafundisha batoto kuogelea! Bahati imepotea."

"Papa, mutoto wangu aliogopaka maji. Sasa anaogelea. Nini imepotea?"

"Jina! Mama yake analia mpaka leo."

Flavia hakuwahi kuuelewa mchezo ule. Kila Jovini alipoangushwa yeye alifumba macho, na siku ya goti alimshukuru Mungu kwamba haikuwa shingo.

Basi lilipofika kituo chake aliinuka kwenda mlango wa nyuma. Mzee akavuta mfuko wake ampishe. "Pita, mama. Uko na batoto?"

"Ninaye mmoja. Anafundisha watoto kuogelea."

"Bon, iyo ni kazi ya maana! Umushukuru Mungu," alisema mzee, kisha akamgeukia dada waendelee kumsikitikia Jovini.