Polepole na Ukuta wa Shule

Hebu fumba macho kidogo, uione kona moja asubuhi, jua likiwa bado changa. Upande huu kuna benchi refu la darasani, ambalo shule ililitupa na sisi tukaliokota. Ukipitisha kidole chini ya ubao wake utagusa majina ambayo watoto waliyachonga kwa bikari. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta wa shule. Katikati ya ukuta pana tundu kubwa, matofali yamemwagika, na mbele yake limesimama, tangu jana, gari dogo jeupe, pua imebonyea. Ni gari la Polepole, aliyeendesha basi la shule ile miaka ishirini na sita bila kumkwaruza hata kuku. Mwenyewe amekaa katikati yetu, mzima wa afya, fomu ya bima magotini. Kulia kwake yupo Spana, fundi magari. Kushoto yupo Wakili, ambaye si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama. Mimi niliyefundisha shuleni pale nipo pembeni na kikombe changu, na Shangazi, muuza kahawa wetu, anamimina.

— Wanasema, "Eleza ajali ilivyotokea," alisema Polepole. Niandike nini?

— Mwenda pole hajikwai, alisema Spana. Wewe umejikwaaje, kaka?

— Niache.

— Basi andika breki zilikataa.

— Breki si ulizifunga wewe mwezi jana?

Spana akakohoa.

— Breki tuziache. Andika ng'ombe alikatiza.

— Mjini hapa? aliuliza Shangazi. Ng'ombe alikuwa anawahi benki?

Wakili akaweka kikombe chini.

— Nisikilizeni mimi niliyebeba mafaili ya kesi miaka kumi na tisa. Ajali ya gari moja ni mbaya kuliko ya magari mawili. Ya mawili, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Ya moja, vidole vyote vinakurudia. Polisi watasema umeendesha kizembe, na leseni kwaheri. Kwa hiyo tafuta gari la pili. Lori jeupe, halina namba, limekuchomekea mbele, likakimbia.

— Bima yangu ni kubwa, Wakili. Wanalipa ukuta, wanalipa na gari.

— Wanalipa, sikatai. Leseni je?

Polepole akainamisha kichwa. Sote tulijua. Kila Alhamisi humpeleka mkewe kliniki, mbali, na miguu ya mama yule haipandi tena ngazi za basi.

— Au tuushtaki ukuta, alisema Wakili.

— Ukuta?

— Umejengwa juzi tu! Polepole alikuwa anapita hapa miaka yote. Nani kamkuta mwenzake?

— Kweli, alisema Spana. Na ukuta una masikio. Ungesikia gari linakuja, ungesogea.

— Penye nia pana njia, Wakili akahitimisha.

— Nia alikuwa nayo, alisema Shangazi. Njia ndiyo haikuwepo.

Tukacheka. Polepole hakucheka. Alishika kalamu, akaandika: Lori jeupe.

Hapo ndipo akavuka barabara binti mmoja mwenye faili na futi ya kupimia. Tulikuwa tumemwona tangu mapema, amechuchumaa penye alama za matairi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Natoka bima. Mzee wangu, nimepima. Hukuyumba, wala hukufunga breki kwa hofu. Umekata kona taratibu, vizuri kabisa, na indiketa ya kushoto uliiwasha. Naomba kuuliza tu: ulikuwa unaingia wapi?

Shangazi akainamisha birika, yakatoka machicha.

Mimi nilijua. Pale palikuwa na geti la bluu. Kila siku, saa moja kasoro dakika kumi, basi lilipiga honi mbili, mlinzi akafungua, na sauti za watoto wakiimba saba mara moja saba zikaingia kabla ya basi lenyewe. Nilikuwa nikisimama pale na chaki yangu, nikiwahesabu wakishuka. Polepole alipostaafu, geti likahamishiwa barabara ya nyuma, pakajengwa ukuta.

— Nilitumwa mkate, alisema Polepole, kwa sauti ndogo. Redio ikatangaza saa ile ile ya basi. Mkono ukakata kona wenyewe. Niliwasikia watoto, mwanangu. Niliwasikia wako kule nyuma wanaimba.

Binti akaitazama fomu, akayaona yale maneno mawili.

— Mzee, bima hulipa kosa. Uongo hailipi. Mambo ya leseni ni ya polisi, siwezi kukuahidi.

Polepole akakata lile lori kwa mstari mmoja, akaandika: Hakukuwa na gari lingine. Nilikuwa naingia kwenye geti la zamani. Akanipa nisome, kama watoto walivyonipa madaftari. Nikatia alama ya vema pembeni, kwa mazoea. Binti akatabasamu, hakuifuta.

— Wakiichukua leseni, Alhamisi shemeji nitampeleka mimi, alisema Spana.

— Na polisi nitakusindikiza, alisema Wakili. Nitabeba bahasha tu. Sitasema neno.

— Huo nao ni uongo, bima hailipi, alisema Shangazi.

Wiki ijayo tundu litazibwa na kupakwa rangi, na mgeni atadhani ukuta ulikuwa hivyo siku zote. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukipita kona ile, kumbuka palikuwa na geti, na watoto waliingia wakiimba.